Kengele ya Jumamosi Saa Moja

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndio maana nataka haya uyasikie kwangu kabla mtu mwingine hajakuambia kwa njia yake. Keti kidogo. Nataka nikueleze juu ya mzee mmoja niliyemjua kwa miaka kumi na moja, na vile nilimharibia jina mbele ya watu kumi, nikiwa nimesimama wima, sare yangu imepigwa pasi, na naamini kabisa nasema ukweli.

Jina lake sitataja. Alinikataza, na kwa nini, utaona mwisho. Sisi wote tulimwita Mwalimu, na hivyo ndivyo nitamwita hapa.

Mwalimu alikuwa Mkuria wa Ntimaru, lakini alikaa Rongo, chumba kimoja nyuma ya posho mill, hata nguo zake zilikuwa na unga kabla hazijapata chaki. Dholuo yake ilikuwa ya sokoni, ya kununua omena na kuuliza njia, kwa hivyo na sisi Wajaluo aliongea Kiswahili. Neno moja tu la Dholuo alilipenda sana, nyar, yaani binti wa: kuita mama kwa kwao alikozaliwa. Mimi nilikuwa Nyar Gwassi tangu siku ya kwanza. Kulikuwa na Nyar Karungu na Nyar Kanyada. Akikasirika ndio alikuita "Madam," na hapo ulijua umeharibu.

Alikuwa na chaki kwa mfuko wa kulia, siku zote, hata kama anafundisha kompyuta, kitu ambacho hakihitaji chaki. Suruali zake zote zilikuwa nyeupe upande huo mmoja. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, imefungwa raba ili betri isianguke. Siku moja mwanafunzi mmoja, mtu wa boda, alimcheka.

"Mwalimu, wewe unatufundisha kompyuta na simu yako imefungwa kama sukuma wiki?"

"Kwani daktari wa meno lazima ang'olewe meno ndio umwamini?"

Darasa letu lilikuwa la jioni, kwa shule moja ya msingi pale Rongo. Mimi niliacha shule darasa la saba, nikaolewa, nikazaa, na nikarudi na miaka thelathini na mbili kukaa kwa dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu. Tulikuwa watu kumi na wanne na laptop moja. Mwalimu alichukua katoni za sabuni akakata, akachora herufi za kompyuta juu yake kwa kalamu nyeusi, kila mtu katoni yake. Basi tunapiga katoni, tap tap tap, na yeye anapita nyuma yetu mikono mgongoni.

"Nyar Karungu, umekosea."

"Umejuaje, Mwalimu, na hii ni karatasi?"

"Kidole chako kimeona haya."

Tulicheka hadi tukalia. Lakini nakuambia, siku niliyoketi kwa kompyuta ya kweli mara ya kwanza, vidole vyangu vilienda vyenyewe.

Mdomo wake ulikuwa pilipili. Alimtoa machozi shemasi mmoja wa kanisa letu, tuliyesoma naye, kwa sababu ya kuchelewa dakika tano, na yule mama alikuwa ametoka kuzika. Alipojua, hakuomba msamaha. Kesho yake tulikuta dawati la yule mama limepigwa misumari mguu uliokuwa unayumba, na Mwalimu akasema eti seremala wa shule alipita. Shule haikuwa na seremala.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wema wake aliuficha kama mtu mwingine anavyoficha wizi. Kulikuwa na mjane jirani yake, redio yake ilikufa. Mwalimu akaichukua, akairudisha siku ya pili inaimba. "Ilikuwa vumbi tu, mama." Mimi nilikuwa nimepita kwake jioni ile kuuliza swali la mtihani, na nilimwona kwa macho yangu akifungua redio yake mwenyewe, anatoa kitu ndani, anakiweka kwa ya yule mama. Tangu siku hiyo redio ya Mwalimu ilinyamaza. Ilining'inia tu ukutani.

"Mwalimu, yako imekuwaje?"

"Imechoka kusema uongo."

Na usijaribu kumshukuru. Ukimshukuru anakunja uso kama umemtukana. "Asante ni ya mgeni," alikuwa anasema. "Wewe ni mgeni hapa?"

Kanisani hakuwa mtu wa kwenda. "Mimi ni Mkatoliki wa mazishi," alituambia. Mimi ni Msabato, Sabato yetu inaanza Ijumaa jua likizama, na hilo alilichezea kila juma. Alhamisi tukimaliza darasa ananiambia, "Nyar Gwassi, kesho uangalie jua vizuri, lisikukimbie na mkoba wako haujafungwa." Darasa lilikuwa Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa hakuna. Alisema Ijumaa stima inasumbua pale shule. Miaka mingi niliamini hiyo habari ya stima. Majuzi nilimuuliza mlinzi wa shule, akanishangaa. Stima ya Ijumaa ilikuwa sawa na ya siku nyingine yoyote. Wasabato darasani tulikuwa wawili.

Sasa nikuambie somo moja, kwa sababu kila kitu kinarudi hapo. Jioni moja alitufundisha vile kompyuta inaweza kufanya kazi yenyewe saa uliyoiambia, hata kama hakuna mtu. Aliiita kengele.

"Kompyuta haina akili," alisema, "ina utiifu. Ukimwambia kila Jumatatu saa mbili piga kengele, atapiga. Shule ikifungwa, atapiga. Shule ikibomolewa, atapiga. Wewe ukifa, atapiga."

"Wooi, Mwalimu!" Nyar Kanyada akashika kifua.

"Ndio hivyo. Kwa hivyo mkitundika kengele, andikeni juu yake ni ya nani na ni ya nini. Mashine haina aibu, wewe unayo. Na siku kazi ikiisha, rudini mshushe." Halafu akagonga ubao na chaki. "Kila mtu kwa seva ana mlango wake, na kengele zake ziko kwa mlango wake. Usitafute kengele yako kwa mlango wa jirani."

Niliandika hayo yote kwa kitabu. Nikafaulu mtihani. Nikapata kazi ya rekodi kwa hospitali moja ndogo karibu na Rongo, ambayo ofisi yake kubwa iko Homa Bay. Na nani aliyekuwa akija pale mara mbili kwa juma kuangalia seva na printa? Mwalimu. Alinifungulia hata mlango wangu kwa kompyuta, yaani akaunti, na neno la siri akanichagulia yeye kwa kuanzia. Akaniambia, "Badilisha hili leo." Sikubadilisha. Niliogopa nitasahau.

Kazi yangu moja ilikuwa ripoti ya juma. Manesi wa wodi wanaingiza hesabu ya malaria, ya kuhara, ya homa, na juma linafungwa Ijumaa usiku. Mwanzoni ripoti ilikuwa inaenda kaunti Jumatatu. Halafu wakabadilisha: lazima ifike Jumamosi asubuhi. Msimamizi aliyekuwepo wakati huo akaniita.

"Mama, utakuwa unaingia Jumamosi saa moja. Nusu saa tu, unajumlisha, unatuma, unaenda."

"Siwezi. Ni Sabato."

"Nusu saa, mama."

"Hata dakika."

Akaweka kalamu chini. "Basi Jumamosi hii ripoti isipofika, Jumapili usije na sare. Njoo na nguo ya nyumbani, uchukue barua yako."

Nilikuwa na watoto wanne na mume mgonjwa. Nilifunga siku tatu, maji tu. Alhamisi Mwalimu alikuja kuangalia printa, akanikuta macho yamevimba. Nikamwambia. Aliendelea kukung'uta wino kwa gazeti.

"Na Mungu wako anataka nini, ripoti isiende?"

"Anataka nipumzike."

"Basi pumzika."

Hilo tu. Akachukua mwavuli wake akaenda. Nilihisi hata hajanihurumia.

Jumamosi nilienda kanisani, nikaimba. Jumapili nilienda kazini na nguo ya nyumbani kama nilivyoambiwa. Msimamizi alinipita kwa korido, akaniangalia hiyo nguo, akaniuliza sare imefuliwa au vipi, akaendelea na safari yake. Barua haikuja. Juma lililofuata, hakuna kitu. Mwezi, hakuna kitu. Nikajua Mungu amemfunga mdomo. Sikuuliza nani anatuma ripoti. Nilifikiri amempa mtu mwingine. Na wewe rafiki yangu ukinilaumu kwa kutouliza, uko sawa. Mtu akipata muujiza hauulizi ulipitia mlango gani.

Mwaka huo kwa kambi yetu ya kanisa, karibu na Rodi Kopany, niliitwa mbele kushuhudia. Nilisimama nikaeleza vile nilifunga, vile nilikataa, vile Mungu alimfungia bosi mdomo. Mama zangu walilia. Hema lote likasema amina. Na unajua nani alikuwa pale pembeni, na nyaya mkononi? Mwalimu. Walikuwa wamemwita kwa sababu spika zilisumbua. Nilishuka nikamwendea, uso umelowa machozi ya furaha.

"Umesikia matendo ya Mungu, Mwalimu?"

"Nimesikia." Alikuwa ameinama kwa waya. "Ushuhuda mzuri. Lakini spika ya kushoto inakwaruza."

Miaka ikapita. Yule msimamizi akahamishwa. Kaunti ikaleta mfumo mpya, ripoti ikawa inachukuliwa huko huko, na hiyo habari ya Jumamosi tukaisahau wote. Nilikuwa nimekuwa mkubwa wa rekodi, na kanisani nilikuwa kiongozi wa akina mama. Ushuhuda wangu ulikuwa umetembea. Nilisimuliwa mimi mwenyewe na mtu wa Homa Bay kwenye mazishi, hajui kwamba huyo mama ni mimi.

Halafu ofisi kubwa ikatuma mkaguzi, mama mmoja mpole wa Homa Bay, aangalie seva kabla hawajaibadilisha. Siku ya pili akaniita, msimamizi mpya yuko hapo.

"Madam, kila Jumamosi saa moja asubuhi kuna faili inatoka hapa kwa jina lako. Inaenda kwa anwani hatuijui. Ikishatumwa inajifuta. Imeendelea miaka na miaka."

"Jumamosi mimi niko kanisani."

"Seva inasema uko hapa."

Unaelewa ilikuwa inamaanisha nini? Rekodi za wagonjwa zinatoka, hatujui zinaenda kwa nani. Hapo ni kufukuzwa, labda hata polisi. Lakini kilichonichoma zaidi, nikuambie ukweli, ni nesi mmoja wa kanisa langu aliyekuwa mlangoni. Alicheka kwa pua. "Kumbe Sabato njema ni ya mdomo." Nikajua kufikia jioni kanisa lote litakuwa na hayo maneno.

Wakatuita wote kwa chumba cha chai, watu kumi. Mkaguzi akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua neno langu la siri. Hakunilazimisha. Alikuwa hata hajamaliza kuuliza.

"Mmoja tu," nikasema. "Mwalimu. Yeye ndiye aliyenipa. Mimi sijawahi kuingia kazini Sabato, hata siku moja, watu wa kambi wanajua. Kama kuna mtu anauza siri za wagonjwa kwa jina langu, ni yeye."

Neno la kuuza hakuna aliyelisema kabla yangu. Ni mimi nililileta.

Wakamwita. Alikuja na mwavuli wake na hiyo suruali nyeupe upande mmoja. Mkaguzi akamgeuzia kompyuta. Aliinama akasoma muda mrefu, nikaona midomo inahesabu. Halafu akaniangalia. Sitasahau. Aliniangalia vile alivyokuwa akiangalia katoni yangu zamani, kuona kama kidole kinajua kimekosea.

"Ni kengele yangu," akasema. "Ya zamani. Nilisahau kuishusha."

"Nimetafuta kengele kwa orodha kubwa ya seva na kwa mlango wako," mkaguzi akamwambia. "Hakuna. Nafikiri unaingia mwenyewe kutoka nje."

"Iko."

"Iko wapi? Tuonyeshe."

Akatikisa kichwa.

"Inabeba nini?"

"Haibebi jina la mgonjwa hata mmoja."

"Inaenda kwa nani? Na kwa nini kwa jina la huyu mama?"

Hapo akanyamaza. Na mimi, rafiki yangu, mimi ndiye niliyejaza huo ukimya. Nilimwambia, "Mwalimu, sema tu. Mungu anaona."

"Anaona, Nyar Gwassi," akajibu polepole. "Anaona vizuri."

Wakamwambia aache funguo. Alitia mkono mfukoni, akaweka funguo mezani, na kipande cha chaki kikatoka nazo. Hakukirudia. Akaenda.

Rongo ni mji mdogo. Juma halikuisha, na pale posho mill walikuwa wanamwita mwizi wa siri za wagonjwa. Darasa la jioni likafika watu wanne, halafu wawili, halafu shule ikafunga mlango. Nikasikia amerudi Ntimaru. Kanisani wakanipa mkono: jina langu limesafishwa.

Jumapili ya kwanza baada ya kikao kile niliingia kazini mapema. Nikafungua barua pepe yangu, nikakuta ujumbe kutoka kwa seva yenyewe: faili ya Jumamosi saa moja imeshindwa kutumwa, neno la siri si sahihi.

Nikasoma mara tatu. Neno langu la siri mkaguzi alikuwa amelibadilisha, sawa. Lakini Mwalimu hakuwa na funguo tena wala mlango. Mkaguzi alikuwa amemfungia kila kitu. Kwa hivyo aliyejaribu jana saa moja si mtu. Ni kengele. Wewe ukifa, atapiga. Na mkaguzi alitafuta kwa orodha kubwa na kwa mlango wa Mwalimu. Kwa mlango wangu hakutafuta, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia mwizi ni nani.

Vidole vyangu viliandika ile amri aliyotufundisha kwa katoni, ya kuonyesha kengele zako mwenyewe. Ikatokea moja tu. Na juu yake, kama alivyotufundisha, maneno:

Ripoti ya juma kwa kaunti. Ya Nyar Gwassi.
Jumamosi yuko kanisani. Asisumbuliwe.
Ripoti ikiisha kazi, shusha.

Nikafungua ile faili inayoamshwa na kengele, nikasoma kadiri ya shule yangu ya jioni. Inajumlisha malaria, kuhara, homa. Nambari tu. Inaandika jina langu chini, inatuma kwa ile anwani ya zamani ya kaunti ambayo hakuna mtu anaifungua siku hizi. Na tarehe yake ilikuwa ile Ijumaa, siku ya mwisho ya kufunga kwangu. Nilikuwa nimelia mbele za Mungu siku tatu, na jibu lilikuwa limeandikwa pale na mtu anayenuka chaki.

Nikampigia simu yule msimamizi wa zamani huko alikohamishiwa. "Ripoti za Jumamosi? Si ulikuwa unatuma, mama," akasema. "Nilijua umekubali. Nikaamua nisikuaibishe kwa kuongea."

Basi ikawa wazi. Mwalimu angeonyesha kengele iko wapi, wangesoma yale maneno. Wangejua ripoti zilikuwa na jina langu na si mimi niliyezifanya, na kazi yangu ingeenda. Na ushuhuda wangu ungeenda nayo.

Sasa nifikie mahali ambapo natamani niruke. Utafikiri nilikimbia kwa msimamizi na hiyo karatasi. Sikukimbia. Niliichapisha, nikaikunja mara nne, nikaitia kwa mkoba wa kanisa. Ikakaa humo Sabato tatu. Nilikuwa naimba nayo. Nilifundisha akina mama somo nayo iko pajani. Nilijiambia nangoja wakati mzuri. Siku niliyomtaja Mwalimu mbele ya watu, nilikuwa sijui. Zile Sabato tatu nilikuwa najua. Aibu ya kwanza naweza kumweleza mtu. Hii ya pili sina pa kuiweka.

Sabato ya tatu mtoto wangu wa mwisho alitafuta peremende kwa mkoba, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti kanisani, "Asisumbuliwe." Akaniuliza, "Mama, nani asisumbuliwe?" Kesho yake nilisimama kwa msimamizi na karatasi imefunguliwa.

Nilipewa barua ya onyo na nikatolewa rekodi. Sasa niko mapokezi, naandika majina ya wanaokuja. Ni haki. Mwalimu aliandikiwa barua ya kumwomba arudi. Hakujibu. Kwa hivyo nikaenda Ntimaru mwenyewe.

Nilimkuta ameketi kwa kigoda mbele ya nyumba, mtama umeanikwa kwa turubai, anatoa mawe. Amekonda. Redio ile ilikuwa imening'inia kwa msumari nyuma yake, kimya vile vile.

"Nyar Gwassi," akasema bila kuinuka. "Leo Jumapili. Hamna kazi?"

"Nimeomba ruhusa."

"Umeomba mtu au umeomba Mungu?"

"Mtu."

"Afadhali. Mtu anajibu haraka."

Nikampa karatasi. Aliishika mbali na macho, akasoma.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mlango wangu."

"Umechelewa." Akaikunja ilivyokuwa imekunjwa. "Lakini umepata. Basi nilifundisha mtu mmoja."

Nikapiga magoti. Sikuwa nimepanga.

"Inuka, Madam, unakanyaga mtama."

Nikainuka, punje zimenishika kwa magoti. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Aliendelea kutoa mawe.

"Ningesema nini? Nisimame mbele ya watu kumi niseme Mungu wa huyu mama ni mimi?" Akatupa jiwe. "Nilikuona pale kambi. Uso wako ulikuwa unawaka kama taa. Nikasema, hii stima si yangu kuizima."

"Lakini nilikuita mwizi."

"Uliniita. Na iliuma." Hakulainisha. "Kosa langu liko moja, na nililisema. Sikuishusha kengele. Nimewafundisha watu miaka yote mshushe, mshushe, na yangu nikaiacha."

Nikamwambia nitasimama kambi niseme yote, na jina lake nilitaje wazi, hilo jina nililolichafua.

"Lako sema. Jina langu wacha. Ulilibeba mara ya kwanza bila kuniuliza; mara ya pili uliza. Na nikisema hapana, ni hapana."

"Mwalimu, basi asan—"

"Wewe ni mgeni hapa?"

Nikaketi kando yake. Tulitoa mawe pamoja mpaka turubai ikaisha. Nikiondoka ndio akauliza, "Umeishusha?"

"Nini?"

"Kengele."

Sikuwa nimeishusha. Kila Jumamosi saa moja ilikuwa bado inajaribu, inakataliwa, inajaribu. Alitikisa kichwa. "Hata amri yenu ya Sabato inasema punda apumzike. Kaiache ipumzike."

Jumatatu niliomba ruhusa kwa msimamizi nikaketi kwa kompyuta mara moja ya mwisho. Nilifuta kengele. Ile mistari mitatu ya maneno ya juu niliiacha, haipigi chochote.

Na kambi nilisimama. Nikaeleza, bila jina lake, kama nilivyokueleza wewe. Amina zilikuwa chache. Mama mmoja akaniambia nje kwamba ule wa kwanza ulijenga watu zaidi, huu ningeuacha tu. Nikaona jambo ambalo sikujua: ushuhuda wa kwanza ulikaribia kufika Homa Bay kabla mimi sijafika nyumbani, lakini huu wa pili hauna miguu. Mpaka leo pale posho mill kuna wanaosema yule Mkuria aliiba.

Kwa hivyo rafiki yangu, sikuombi unihurumie. Nakuomba uupe huu miguu yako. Ukikutana na mtu, Rongo, Rodi, popote, anasimulia habari ya mama ambaye Mungu alimfungia bosi mdomo, usimkatize. Mwache amalize, mwache afurahi. Halafu mwambie sehemu iliyobaki, na umwambie naye asikae nayo, aipitishe.